Sahani ya Senje

Senje Kageha, nimekuletea sahani.
Si ya ugali. Ni ndogo, ya kioo, ina mfuniko,
na ndani yake dawa yako imeota.

Hilo vumbi la kijani ni kuvu.
Hayo matone kama ya maziwa ni bakteria,
kila tone kijiji kizima
kilichozaliwa kwa siku mbili
ndani ya kabati la joto kule Kisumu,
ninakolipwa kuhesabu visivyoonekana.
Nilifika mia tatu, nikaweka kalamu chini.

Alivaa miwani, akainama
kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.
"Haya yametoka kwenye mukombero wangu?"
Ndiyo, senje.
"Na wewe uliushika kwa mkono gani?"

Sikujibu. Nilitazama uani.
Mizizi imeanikwa chini, juu ya gunia la mbolea.
Kuku mwenye vifaranga sita anaipekua.
Lori la mchanga limepita kwenda Chavakali
na vumbi lake linashuka bila haraka,
kama lililoalikwa.
Saa nane mvua itakuja, haikosi huku kwetu,
naye ataikusanya mbiombio, ikiwa mbichimbichi,
ataifunga kwenye mfuko wa plastiki,
na humo gizani wenyeji watazaana.

Nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima.
Kuna mionzi, nikasema, haibakizi kitu,
ila mashine yake ina bei ya soko zima la Mudete.
Kuna gesi, lakini nchi kadhaa zimeikataza,
huacha sumu nyuma, kama mgeni anayeaga
ugomvi akiuacha mezani.
Kuna spiriti.
"Pombe?"
Asilimia sabini.
"Mimi mshirika wa Friends, niuze dawa inayonuka baa?"
Basi kuna mvuke.

Mvuke aliufikiria.
Akavunja mzizi, akaunusa, akanipa niunuse:
utamu ule wa utotoni, wa kutafuna njiani toka shule.
"Ukiupiga mvuke sana, hii inatoka.
Hii ikitoka, unauza kuni."

Vitabu vyangu vinaiita mafuta yanayoruka.
Yeye anaiita hii.
Tulikuwa tunazungumzia kitu kimoja
na yeye ndiye aliyekuwa anakijua.

Ndipo nikatoa sahani ya pili,
ile niliyoificha mkobani chini ya leso.
Kidole gumba changu, senje, kabla ya kunawa.
Aliangalia shamba lile la manjano na nyeupe,
akanitazama usoni, akarudi kwenye sahani,
akacheka mpaka miwani ikadondoka.
"Msomi! Kumbe na wewe umeota!"

Tukanawa wote wawili, kwa sabuni ya kipande,
mpaka viwiko.

Jumamosi ile binamu yangu Lumumba Amugune
alitupigia chanja la mbao na wavu,
refu kufika kifuani, lenye paa la nailoni angavu.
Tuliosha mizizi kwa brashi, maji matatu.
Tukaikata vipande vyembamba, tukaitia
kwenye kapu juu ya sufuria inayofoka,
mimi nikishika saa, yeye akishika pua.
Nilitaka dakika kumi. Alisema tano.
Tukapatana saba, kama watu wa soko.

Siku ya nne jioni alikivunja kipande
karibu na sikio langu: ka!
"Kimekauka."
Kipimo changu kilisema unyevu asilimia tisa.
Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza
kukiamini kipimo kwa sababu yake.

Nimerudi leo na sahani ya tatu.
Imenyamaza, safi kama kioo cha dirisha,
isipokuwa madoa matatu karibu na ukingo.
Amevaa miwani. Ameyahesabu mara mbili.
"Hawa watatu, wamekataa kuhama?"
Kiwango kinaruhusu zaidi ya hao, senje.
"Basi wakae."

Amefunika mfuniko kwa ncha za vidole.
Kisha, bila hata kugeuka vizuri,
amemrushia kuku kandambili.